Mashine ya kuoshea vyombo: ile ya mwaka 1996 au hii mpya?

Mwaka 2009 familia moja ya Wazungu iliyokuwa jirani yetu hapa Mbezi ilirudi kwao ikauza vyombo vya ndani. Nilikwenda kutafuta kabati, nikarudi na mashine ya kuoshea vyombo: nyeupe, nzito, kibandiko cha nyuma kimeandikwa 1996. Imetuoshea vyombo miaka 14. Mwaka 2023 maji yakaanza kuchuruzika chini ya mlango, mpira wake nikautafuta Kariakoo yote nikaukosa, ndipo nikanunua mpya dukani.

Ile ya zamani aliichukua mdogo wangu anayekaa Tabata. Fundi wake akapata mpira wa mashine ya aina nyingine, akaukata na kuuunga kwa gundi, na mpaka leo inaosha. Kwa hiyo zote mbili ninazo karibu, na watu wanaotaka kununua wananiuliza swali lilelile: nichukue iliyotumika yenye swichi ya kuzungusha, au mpya ya vioo na taa? Mimi nimekasirishwa na hii mpya kuliko chombo chochote nilichowahi kukiingiza ndani. Hata hivyo jibu langu si "chukua ya zamani", na naomba unisikilize mpaka mwisho ujue ni kwa nini.

Muda

Siku ya kwanza nilipakia vyombo vya chakula cha mchana, nikabonyeza programu ya Eko, ile ya kubana maji na umeme, kioo kikaandika 3:45. Nikadhani nimekosea kubonyeza. Ile ya zamani ilikuwa inamaliza kwa saa moja na dakika 20, na swichi yake ikizunguka unasikia tiki, tiki, unajua kazi imefika wapi.

Mwezi wa Ramadhani ndipo utakapoisikia hii kero vizuri. Watu wanane wamefuturu: bakuli za uji, sahani za tambi na magimbi, vikombe, glasi za juisi. Unamaliza kukusanya saa mbili usiku, unawasha mashine, inakuachia vyombo saa sita kasorobo. Na daku vyombo ni vilevile. Kwa mashine ya zamani niliweza kupiga mizunguko miwili na bado nikalala mapema.

Sababu ya urefu huo ukiijua, hasira inapungua kidogo. Fikiria sufuria ya ugali. Ukoko ukitaka kuubandua papo hapo unahitaji maji ya moto sana na nguvu za mkono; ukiuloweka saa mbili unaachia wenyewe. Mashine ya 1996 ilitegemea moto na wingi wa maji, nyuzi 65 mfululizo, mapanga ya kurushia maji, ya juu na ya chini, yote yakirusha kwa pamoja kama mapangaboi mawili. Mpya inapasha maji mpaka nyuzi 50 hivi, inayarusha juu, inanyamaza, inayarusha chini, inanyamaza tena. Inaloweka. Sabuni za siku hizi zina vimeng'enya vinavyokula wanga na protini, navyo kazi yake inataka muda kuliko moto.

Ipo programu fupi, lakini inatumia maji na umeme mwingi zaidi, na ile ya dakika 30 ni ya glasi na sahani zisizo na mafuta. Usiitegemee kwa pilau.

Maji na umeme unaotumika

Hapa nilipima mwenyewe. Tulizima kila kitu, hata friji, tukasoma mita ya umeme ya LUKU kabla na baada ya mzunguko mmoja. Tabata, mashine ya zamani ilikula uniti 1.6. Kwangu, mpya kwenye Eko ilikula 0.9. Ndiyo, ile inayokaa karibu saa nne inakula kidogo kuliko ile ya saa moja na robo, kwa sababu umeme mwingi wa mashine hizi unakwenda kwenye kuchemsha maji. Kuzungusha pampu ni jambo dogo.

Kisha tukachomoa bomba la kutolea maji machafu, tukaliingiza kwenye ndoo ya lita 20. Ya zamani iliijaza ndoo na ya pili ikafika robo. Mpya haikufikisha nusu ya ndoo. Ukiosha mara moja kila siku, hiyo ni karibu uniti 20 na zaidi ya lita 400 za maji kwa mwezi. Kama maji unanunua ya boza, hesabu hiyo unaielewa bila mimi kukuelezea.

Neno kuhusu kibandiko cha rangi kinachokuja na mashine zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya. Mfumo wake ulibadilishwa Machi 2021. Sasa madaraja ni A hadi G, hakuna tena A zenye alama za kujumlisha, na namba kubwa iliyoandikwa ni kWh, yaani uniti za umeme, kwa mizunguko 100 ya Eko. Yangu ni daraja E, namba 94, yaani 0.94 kwa mzunguko, karibu kabisa na nilichokisoma kwenye LUKU. Muuzaji aliniambia hiyo ni ya mwaka mzima. Siyo. Wala E ya leo isikutishe, kwa sababu daraja A halilingani na A za miaka ya nyuma.

Mashine inayosubiri na mashine inayogoma

Kero kubwa ni hii, na nataka uisome taratibu kabla hujatoa pesa.

Wiki ya pili mashine mpya iliwasha taa ya bomba, ikapiga mlio, ikasimama. Maji yapo, bomba limefunguliwa. Nikaizima, nikaiwasha, dakika kadhaa baadaye mlio uleule. Nilimwita fundi wa dukani, akaja, akafungua bomba la jikoni akatazama maji yanavyotoka, akasema, "Mama, mashine ni nzima. Presha ndiyo haipo."

Kila mita 10 za kimo cha maji zinakupa baa 1 ya presha. Simtanki letu liko juu ya mnara, na kutoka kimo cha maji yake hadi bomba la mashine ni kama mita nne, kwa hiyo ninachopata ni baa 0.4. Kitabu cha mashine kimeandikwa wazi: kuanzia 0.5. Maji yanaingia, lakini polepole, na bodi ya mashine, ule ubongo wake wa elektroniki, ina saa yake. Muda ukipita maji hayajafika kiwango, inaandika kosa na kugoma.

Sasa, ile ya 1996 ilikunywa maji ya simtanki hilohilo miaka 14 na haikuwahi kulalamika. Haikuwa na nguvu zaidi. Ilikuwa haijui saa. Ndani yake kuna swichi ndogo ya presha inayosema "maji yamefika", na mpaka iseme hivyo, mashine inakaa. Maji yakija kwa dakika mbili au kumi kwake ni sawa. Umeme nao ukikatika katikati, swichi ya kuzungusha inabaki pale ilipokuwa, na ukirudi inaendelea kutoka hapohapo.

Mpya pia inakumbuka ilipoishia, hilo nikubali. Shida ni jinsi umeme unavyorudi. Mwezi wa nane tangu niinunue, umeme ulikatika jioni, ukarudi ghafla kwa nguvu, taa za sebuleni zikawaka kwa mwanga mkali, na mashine haikuwaka tena. Bodi ilikuwa imeungua. Duka likasema hitilafu ya umeme haimo kwenye dhamana, na kweli karatasini imeandikwa hivyo kwa herufi ndogo ambazo sikuzisoma. Bodi ilinigharimu karibu theluthi moja ya bei ya mashine nzima, nikaisubiri wiki tano, vyombo tukiosha kwenye mabeseni.

Tangu hapo nimefunga vitu viwili: pampu ndogo ya kuongeza presha kwenye njia ya maji ya jikoni, na stebilaiza, kifaa cha kutuliza umeme unaorukaruka, inayobeba mzigo wa mashine. Angalia wati zilizoandikwa kwenye kibandiko chake. Ya friji haitoshi, kwa sababu heta ya maji inavuta karibu wati 2,000. Sijapata kosa lolote tena. Ila gharama ya vitu hivyo viwili ni sehemu ya bei ya mashine, na hakuna muuzaji aliyenitajia.

Nani anaosha vizuri zaidi

Hapa niliingia nikiwa na jibu langu tayari, nikatoka nalo limebadilika.

Tulichukua sufuria mbili za chuma cha pua zinazolingana, tukapika wali wa nazi kwenye zote mpaka ukashika chini, tukaziacha zikauke mchana kutwa. Moja ikaingia mashine ya Tabata, nyingine ikaja kwangu. Ya zamani ilitoa sufuria ikiwa na pete ya ukoko chini, ngumu, ya kukwangua kwa kijiko. Mpya ilitoa sufuria safi. Nilipitisha kidole kwenye kona ya chini, hakuna kitu. Ule muda mrefu haukuwa bure.

Kwa mafuta, hasa ya nazi yaliyoganda na mafuta ya nyama, ile ya zamani bado inashinda Eko kwa sababu ya moto wake. Kwenye mpya natumia programu ya sufuria, nyuzi 70, na matokeo yanakuwa sawa.

Jambo moja ambalo lilinigharimu miezi: acha kusuuza vyombo kabla ya kupakia. Toa mifupa, miiba, mabaki ya wali, basi. Kwenye programu ya kujipangia yenyewe, mashine mpya inapima uchafu wa maji kwa kihisio cha mwanga. Ikikuta maji meupe inaamini vyombo vimeshakuwa safi, inafupisha kazi, na ule utando wa mafuta uliobaki kwenye sahani unabaki palepale. Nilikuwa nasuuza kwa mazoea ya miaka yote, halafu naisema mashine.

Kuna vyombo vyetu ambavyo hata moja ya mashine hizi haivifai. Sufuria za alumini, zile za kawaida zisizo na mpini, zinatoka nyeusi kama zimepakwa masizi. Sabuni ya mashine ni kali na inaila alumini. Mwiko na upawa wa kifuu vinapasuka. Mbuzi ya kukunia nazi usiiweke. Hotipoti inaingiza maji kati ya kuta zake na hayatoki tena. Kama jiko lako ni la sufuria za alumini kuanzia ndogo mpaka ya ubwabwa wa shughuli, fikiria kwanza kama mashine yoyote itakufaa, kwa sababu nusu ya kazi itabaki kwenye beseni.

Na trei. Vijino vya trei ya chini ya mpya vimepangwa kwa sahani bapa zinazofanana, vimekaribiana, na bakuli zetu zenye tumbo zinalala moja juu ya nyingine maji yasifike. Ya zamani ilikuwa na nafasi, hata sinia la kati liliingia likiwa limesimama. Nenda dukani na bakuli lako kwenye mfuko. Liweke kwenye trei mbele ya muuzaji.

Utando mweupe kwenye glasi

Wengi wanaosema "mashine za siku hizi hazioshi" wanasema juu ya glasi zilizofifia. Chukua glasi moja, iloweke kwenye siki dakika 20. Ikirudi kung'aa, ule ulikuwa ni ukoko wa chokaa ya maji. Ikibaki na ukungu, kioo chenyewe kimelika na hakitarudi.

Maji ya visima vingi vya huku pwani ni magumu. Mashine zote mbili zina tangi la chumvi chini, na chumvi hiyo inaihudumia sehemu inayolainisha maji. Lakini mpya lazima uiambie ugumu wa maji yako kwenye mipangilio. Ya kwangu ilikuja ikiwa kwenye kiwango cha katikati nami sikugusa, na glasi za harusi ya mama yangu zikapata ukungu ambao siki haikuutoa. Hilo linaniuma mpaka leo. Tumia chumvi safi ya mashine. Chumvi ya mezani ni laini mno na ina vitu vya kuizuia isigande. Chumvi ya mawe inabeba madini yaleyale unayotaka kuyaondoa.

Usisahau kwamba sabuni nazo zilibadilika. Kuanzia Januari 2017 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo kikali cha fosforasi kwenye sabuni za mashine za nyumbani, kwa sababu ya uharibifu wa mito na maziwa. Fosfati, yaani kemikali zenye hiyo fosforasi, ndizo zilizokuwa zinafunika makosa ya maji magumu. Mdogo wangu anatumia vidonge vya sabuni vilevile ninavyotumia mimi, na glasi zake, kwenye mashine ya 1996, zilianza kupata utando kama zangu. Kwa hiyo hapo mashine mpya nimeitoa hatiani.

Kukauka

Ya zamani inamaliza kwa maji ya moto sana, vyombo vinatoka vikifuka na kukauka vyenyewe. Mpya inamaliza kwa maji ya uvuguvugu wa juu kidogo, na plastiki zote zinatoka na machozi. Vikombe vya watoto, vifuniko, mabakuli ya kuwekea chakula kwenye friji: yote nayafuta kwa kitambaa. Dawa ya kusuuzia inasaidia sahani na glasi sana, plastiki kidogo tu. Kinachosaidia kweli ni kufungua mlango mara mashine inapomaliza. Kama unanunua, tafuta inayojifungua yenyewe mwishoni. Yangu haijifungui, na kwa kuwa inamaliza usiku wa manane nimelala, asubuhi vyombo vina unyevu na harufu ya kufungiwa.

Kelele

Mpya ni desibeli 46 (dB, kipimo cha kelele) kwa mujibu wa kibandiko, na mama yangu analala chumba kinachopakana na jiko bila kuisikia. Ya zamani inasikika mpaka barazani. Hapa hakuna mjadala.

Ufundi

Fundi wa mdogo wangu ameibadilisha ile ya zamani heta mara moja na pampu ya kutolea maji mara moja. Heta imekaa wazi chini, unaiona kwa macho. Aliifungua kwa spana mbili, akaenda nayo dukani, akarudi na inayolingana. Kwenye yangu, heta imejengwa ndani ya pampu, ikiungua unanunua kitu kizima. Chujio la mpya nalitoa na kulisugua kila wiki kwa mswaki wa zamani. Nikipitisha wiki mbili, harufu inanijulisha.

Upande wa pili, mpya ina beseni la chuma chini ya tumbo lake, na ndani ya beseni kuna boya. Maji yakivuja, boya linanyanyuka, mashine inafunga maji na kuwasha pampu ya kutoa. Imenitokea mara moja kiungo cha bomba kilipolegea: sakafu ilikuwa kavu. Tabata, ile ya zamani ilivuja usiku mmoja na asubuhi gunia la mchele lililokuwa karibu lilikuwa limelowa mpaka katikati.

Ningechagua ipi

Kama maji yako ni ya simtanki lisilo na pampu, umeme wa mtaani kwako unarukaruka, na bajeti yako inaishia kwenye bei ya mashine tu, mimi ningekushauri uchukue iliyotumika yenye swichi ya kuzungusha, mradi una fundi unayemjua kwa jina. Itakula maji na umeme zaidi, lakini itafanya kazi katika nyumba uliyonayo.

Kama una presha, au uko tayari kufunga pampu na stebilaiza siku ileile mashine inapoingia, chukua mpya. Inaosha vizuri zaidi, na baada ya miezi ya kwanza ya mateso mimi sasa siwezi kurudi nyuma. Ukiwa unanunua maji ya boza, au una mgonjwa au mtoto mchanga karibu na jiko, usifikirie mara mbili.

Ukienda kuangalia iliyotumika, beba tochi. Fungua mlango, mulika kona mbili za chini ambako mpira unaishia. Kutu huanzia hapo. Zungusha mapanga kwa kidole, yanatakiwa kuzunguka bila kukwama. Fungua tangi la chumvi: kama ndani ni pakavu na pana vumbi, mashine imeendeshwa bila chumvi na kilainisha maji kimeshajaa chokaa. Halafu muombe mwenyewe aiunganishe maji na umeme, iendeshwe mzunguko mzima ukiwa umekaa hapo, na mwisho pitisha mkono sakafuni chini ya mlango.